Pikapu, Tela na Barabara ya Kijijini

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa maombi ya wenyeviti wa vijiji ambao wananchi wao hawakuweza kufika.

  

Mada niliyopewa inahusu chombo ambacho kila mmoja wetu anakitegemea hata kama hakimiliki. Katika kijiji chenye pikapu mbili au tatu za dizeli, watu wote wanazifahamu kwa milio yao. Gari likipita alfajiri, aliye kitandani anajua ni la nani, linaelekea wapi, na kama limebeba mzigo au linakwenda tupu. Pikapu hiyo hiyo hubeba mahindi mwezi wa saba, tofali mwezi wa tisa, mbolea ya ruzuku mvua zinapokaribia, na katikati ya hayo yote hubeba mgonjwa, maharusi na jeneza. Gari la mjini lina kazi moja. La kwetu lina kazi zote, na ndiyo maana huchakaa upesi.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya lami ya Makambako hadi Songea kujengwa katika miaka ya 1980. Safari ya siku moja ya leo iliweza kuchukua siku kadhaa wakati wa masika. Lami hiyo, na zile zilizofuata za kwenda Mbinga na za kwenda Namtumbo na Tunduru, zilileta malori makubwa hadi mjini. Lakini lori la tani 30 haliingii shambani. Kutoka kihengeni hadi kwenye lami, mzigo bado unategemea pikapu, tela, trekta, pikipiki, baiskeli na kichwa cha mama.

Niseme kidogo kuhusu dizeli yenyewe, kwa kuwa baadhi ya matatizo tunayowalaumu nayo mafundi huanzia nyumbani. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Inabana hewa kwa nguvu mpaka hewa inakuwa ya moto sana, kisha mafuta yanapopulizwa ndani yanawaka yenyewe. Kwa hiyo asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, baridi ya Songea inapokaza, gari bovu linagoma kuwaka, na kitongoji kizima kinaitwa kusukuma. Mara nyingi betri haina kosa. Kosa ni hita zilizoungua, au mbano wa injini uliopungua, au hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta.

Adui mwingine ni maji. Wengi wetu tunanunua dizeli mjini na kuihifadhi katika madumu na mapipa. Pipa lililojaa nusu hutoa jasho kwa ndani wakati wa usiku, na kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, mahali pale pale tunapozamisha mpira wa kunyonyea. Anayetaka pampu yake idumu aliache pipa litulie, asinyonye hadi mwisho, na afungue kile kizibo cha chini ya chujio mara kwa mara ili maji yatoke. Kuchanganya na mafuta ya taa ni kosa kubwa zaidi, maana dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozo. Vijana wengine hapa walikuwa wadogo mwaka 2011 Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji. Neno hilo tulilitamka sana wakati ule, kisha tukalihamishia kwenye mambo mengine ambayo si mada ya leo.

Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zimepangwa kwa kila mji, Songea ikiwemo. Ni vyema mwenye gari na mwenye mzigo wote wawili wakaijua kabla hawajaanza kupatana nauli. Ugomvi mwingi wa nauli unaofika kwa mtendaji hautokani na ubaya wa mtu. Unatokana na mmoja kukumbuka bei ya mwezi uliopita.

Sasa nije kwenye tela, ambalo ndilo lililonileta.

Mkoa wetu una mafundi hodari. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, imekuwa mahali pa kujifunza ufundi kwa vizazi kadhaa, na ukipita karakana za vijijini utaona matunda yake. Fundi anachukua ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokufa, anachomelea fremu ya vyuma, anaweka mbao, na tela limepatikana. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini tela la namna hiyo kwa kawaida halina breki, halina taa, na mara nyingi halina namba, ingawa tela husajiliwa peke yake kama gari linavyosajiliwa. Linasimamishwa na breki za pikapu, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya pikapu tu.

Tufanye hesabu pamoja. Pikapu ya kawaida huhimili takribani tani moja, yaani gunia kumi za kilo 100, au mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50. Lakini gunia zetu si za kilo 100 zote. Lumbesa imekatazwa na bado ipo. Ukipakia lumbesa kumi za kilo 130, umepakia kilo 1,300 huku ukiamini umepakia tani moja. Ongeza tela lenye gunia kumi nyingine za aina hiyo, na watu wanane juu yake. Dereva anahesabu gunia, breki zinahesabu kilo.

Namna ya kupanga mzigo nayo ina kanuni yake. Uzito mkubwa kidogo uwe mbele ya ekseli ya tela, ili sehemu kama ya kumi ya uzito wote ikalie ndoano. Ukirundika nyuma, tela linainua mkia wa pikapu, magurudumu ya nyuma yanakosa kushika, na ukifika kwenye mteremko tela linaanza kuyumba kama mbwa anayetikisa mkia. Katika mteremko tumia gia ndogo, injini ishike gari. Wapo wanaoweka gia huru ili kubana mafuta. Anayetaka kujua gharama ya mafuta hayo aliyoyabana aulize madereva wanaopita milima ya Lukumburu.

Naomba mniruhusu nisimulie jambo langu mwenyewe, maana sikulisoma kwenye nyaraka.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mjomba wangu alikuwa na pikapu ya dizeli na tela la kuchomelea. Tulitoka shambani jioni, tela limejaa mahindi, na sisi watoto sita tumekaa juu ya magunia tukiimba. Ile pini halisi ya kuunganisha tela ilikuwa imepotea wiki iliyotangulia. Mjomba alikuwa ameweka kipande cha nondo na kukikunja pande zote mbili, akasema kitatosha mpaka atakapokwenda mjini. Tulipofika chini ya kilima, baada ya kuvuka kijito, injini ilizidiwa. Utingo akatuamuru sote tushuke tutembee. Hakutushusha kwa ajili ya usalama. Alitushusha kwa sababu tulikuwa uzito.

Katikati ya kilima nondo ile ilikatika. Hakukuwa na mnyororo. Tela lilirudi nyuma, kwanza polepole, kwa kimya ambacho hadi leo nikikikumbuka nashindwa kukieleza, kisha kwa kasi. Sisi tulikuwa tukitembea nyuma yake. Tulitawanyika. Binamu yangu aliteleza, na gurudumu lilipita juu ya mguu wake kabla tela halijaingia korongoni na kupinduka, magunia yote chini yake. Kama tungekuwa bado juu, tungekuwa chini ya magunia hayo. Binamu yangu alipona, ana watoto watatu sasa, na anachechemea. Mjomba hakuvuta tela tena. Aliliacha kwenye korongo lile lile mpaka watu wakang'oa mbao zake moja moja.

Nasimulia hili kwa sababu najua mnachotaka kuniambia. Mtaniambia: Bwana Afisa, siku ya msiba tutafanyaje? Mfiwa yuko kijiji cha tatu, basi hakuna, bodaboda hazitoshi, na tela lipo. Nani atamkatalia mfiwa? Sina jibu jepesi, na nisingependa kujifanya ninalo. Mimi mwenyewe, mwaka juzi, nilipanda tela kwenda kuzika, nikiwa na suti na kitambulisho cha kazi shingoni. Ninachoomba ni hiki: watu wasiwekwe juu ya mzigo, wala ndani ya tela. Kama ni lazima, pikapu iende mara mbili au tatu na watu wakae chini ndani ya bodi, na kamati ya msiba ichangie mafuta ya hizo safari mbili za ziada katika mchango ule ule wa sanda na chakula. Fedha hizo si nyingi. Hatuzitengi kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuambia tuzitenge.

Kuhusu wajawazito na watoto wachanga, hapo hatuhitaji kubahatisha. Upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa na mahali alipo, kisha hutuma gari la wagonjwa, na kama gari hilo liko mbali, humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa baadaye na mfumo, si na familia. Wenye pikapu zilizo katika hali nzuri waulize kwa mganga mfawidhi wa kituo chao jinsi ya kujiandikisha. Mume asianze kuzunguka kijijini saa nane za usiku akibisha milango na kupatana bei wakati mkewe anatokwa damu. Apige 115 kwanza.

Nimalizie na barabara. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Zile za wilaya, ambazo ndizo nyingi katika kata hii, zinasimamiwa na TARURA tangu mwaka 2017. Greda likichonga barabara mwezi wa kumi na pikapu yenye tela lililozidiwa ikapita mwezi wa kwanza, saa mbili tu baada ya mvua kubwa, magurudumu yanachimba mifereji miwili. Mvua inayofuata hupita katika mifereji hiyo badala ya mtaroni, na kufikia mwezi wa tatu kalavati limebaki peke yake kama kisiwa. Naomba serikali za vijiji mjadili, kwa utaratibu wenu wa sheria ndogo, iwapo magari yenye tela yasubiri walau hadi kesho yake baada ya mvua kubwa, isipokuwa penye dharura. Sitawapangia. Ninyi mnajua ni sehemu zipi tope lake hukauka upesi na zipi hazikauki mpaka mwezi wa tano.

Na jambo dogo linaloniudhi kuliko ukubwa wake. Gari likiharibika, utingo huweka mawe nyuma ya magurudumu na matawi barabarani kuwaonya wengine. Ni sawa, ingawa pembetatu za kuakisi mwanga ndizo zinazotakiwa. Lakini gari likishatengenezwa linaondoka, na mawe yanabaki. Mwendesha pikipiki anayekuja saa mbili usiku hana habari nayo. Utingo, ndugu yangu, shuka tena. Ondoa jiwe lako.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Pale mezani, karibu na daftari la mahudhurio, nimeweka pini ya tela yenye kifungio chake, na mnyororo mmoja wa aina inayofaa pamoja na bolti zake. Minyororo hufungwa miwili, ikipishana chini ya mkono wa tela, ili pini ikikatika mkono udakwe usianguke chini. Fundi wetu wa kata amekubali kubaki hapa hadi saa kumi. Wenye matela waliokuja nayo leo wayasogeze pale chini ya mwembe, mmoja mmoja, ayapime. Hakuna atakayeandikwa jina wala kutozwa faini.