Kura za Ufipa Zilisomwa Wapi?



Kila uchaguzi unapoisha tunabishana kuhusu nani kashinda. Jioni ya leo naomba tuliache hilo kidogo. Nataka tuulizane kitu kingine: aliyetutangazia matokeo alikuwa amesimama wapi? Na kabla hajafungua kinywa, nani mwingine alikuwa ameziona zile hesabu? Hapa Ufipa maswali hayo yana historia ndefu, maana kwa miaka mingi kura zetu zilisafiri mbali na macho yetu kabla hazijasomwa.

Turudi Agosti 1960. Tanganyika ilikuwa inachagua Baraza la Kutunga Sheria lenye viti 71. Katika viti 58 hakukuwa na upigaji kura wowote, kwa sababu mgombea wa chama cha TANU hakuwa na mpinzani. Siku ya kurudisha fomu ilipopita, mtu alikuwa tayari ni mjumbe wa Baraza. Mwishowe TANU ilipata viti 70, na kile kimoja cha Mbulu kikaenda kwa Herman Sarwatt, naye alikuwa mwana-TANU huyohuyo ila aligombea kivyake. Tena si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Ilibidi ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na pato la pauni 75 kwa mwaka, au uwe na cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa ulezi asiyejua kusoma hakuwemo. Matokeo yalimfikia kama habari ya mvua iliyonyesha nchi ya watu wengine. Na huo msemo wa kupita bila kupingwa, tangu hapo, umetuganda. Bado tunausikia hadi leo, na bado hausemi wananchi wangapi walitaka nini.

Mwaka 1962, Novemba, tukachagua rais wa kwanza. Mwalimu Nyerere alipata kura 1,127,978, Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC akapata 21,276. Hapo walau palikuwa na majina mawili.

Mambo yalinoga mwaka 1965, na hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Chama kilikuwa kimoja kisheria, lakini karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Safari hii kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura, na asiyejua kusoma aliweza kulitambua jembe. Kwa rais kulikuwa na Ndiyo na Hapana, na kila mtu alijua Ndiyo itashinda. Hadi mwaka 1990, alipogombea Mzee Mwinyi kwa mara ya pili, tangazo la urais halikumtoa mtu jasho. Watu walikaa macho kwa ajili ya wabunge, kwa sababu vigogo waliweza kuanguka. Mwaka huohuo wa 1965 waziri wa fedha, Paul Bomani, alipoteza kiti chake Mwanza. Mtu wa Matai au Namanyere aliyesikia kwamba waziri mzima kaangushwa na wapiga kura alielewa kwamba kile kikaratasi chake kina nguvu.

Sasa fikiria safari ya sanduku. Wakati ule Ufipa yote ilikuwa wilaya moja, boma lake hapa Sumbawanga. Kura hazikuhesabiwa pale zilipopigwa. Masanduku yalifungwa, yakapigwa lakiri, yakasafirishwa hadi kituo cha kuhesabia makao ya wilaya. Tazama ramani: Wampembe na Kala ziko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Muze na Mtowisa ziko chini bondeni Rukwa, na katikati ni uwanda wetu huu wenye baridi, ulioinuka kama mita 1,800. Kutoka huko kote ni kupanda. Na tangu mwaka 1970 uchaguzi uliwekwa mwishoni mwa Oktoba, mawingu ya kwanza yanapokusanyika juu ya milima ya Mbizi. Ikinyesha kabla gari halijapita, gari linalala njiani, na sanduku linalala nalo.

Aliyepiga kura Wampembe alikuwa ameshamaliza kazi yake. Hakuona sanduku likifunguliwa. Msimamizi wa uchaguzi alihesabu mbele ya wachache, akatangaza pale makao ya wilaya mbele ya waliokuwa karibu, kisha tarakimu zikapelekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Baada ya hapo ndipo zikarudi kwetu kwa njia ya hewa.

Na zikirudi, zilirudi kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Vijana mnaosikiliza kwenye simu, hebu waulizeni wazee wenu juu ya mawe ya redio, yaani betri. Mawe yakiisha nguvu yalianikwa juani juu ya paa au juu ya ungo, yapate uhai wa kufikia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Masafa mafupi yalikuja na kupotea kwa mikwaruzo, mtu mmoja ameshika redio akiielekeza huku na huku, wengine wamenyamaza. Kisha ngoma ya taarifa ya habari, na sauti tulivu inasoma jimbo baada ya jimbo. Kijiji kizima kilikuwa na redio mbili au tatu. Kwa hiyo kesho yake matokeo yalitangazwa mara ya pili kwa mdomo, kisimani na kilabuni, na humo ndimo tarakimu zilipoongezewa chumvi.

Sisemi kwamba watangazaji wale walisoma uongo. Kazi yao waliifanya kwa heshima, na mimi ninayeshika kipaza sauti leo nimerithi kiti chao. Nasema hivi: msikilizaji hakuwa na kitu mkononi cha kulinganisha na alichokisikia. Mtu wa Kala alisikia habari za kura za Kala kutoka Dar es Salaam.

Mabadiliko makubwa, kwa maoni yangu, hayakuletwa na televisheni wala simu. Yalikuja na uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, kura zilipoanza kuhesabiwa palepale kituoni. Tunaukumbuka uchaguzi ule kwa mambo mengine: Mkapa kushinda urais kwa asilimia 61.8, Mrema kupata asilimia 27.8, na kura za Dar es Salaam kufutwa na kurudiwa Novemba. Huku kwetu kikubwa kilikuwa kidogo kwa umbo: kura zilisomwa kwenye darasa lilelile zilimopigwa, mbele ya mawakala wa vyama.

Kazi ikiisha, karatasi inabandikwa ukutani au mlangoni. Ya rais siku hizi ni fomu 21A, ya ubunge 21B, ya udiwani 21C. Isome siku moja. Ina jina la kituo, waliojiandikisha, waliopiga, kura halali, kura zilizokataliwa, na mbele ya kila mgombea kura alizopata. Chini kuna saini ya msimamizi wa kituo na za mawakala. Hilo ndilo tangazo la kwanza la uchaguzi nchini. Yanayosomwa Dar es Salaam au Dodoma ni jumla ya makaratasi hayo, au ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Tena kwa urais karatasi hiyo ina uzito wa pekee. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki, lakini ibara ingalipo. Kwa hiyo ukitaka kuhakiki, hakiki kabla ya tangazo la mwisho. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Na kukaa kituoni wakati wa kuhesabu haturuhusiwi. Oktoba 2015, siku mbili kabla ya kura, Mahakama Kuu ilikataa mikusanyiko ndani ya mita 200 kutoka kituoni. Ukishapiga, nenda nyumbani. Basi, kama mwili wangu haupaswi kuwepo, macho yangu yamebakiwa na kitu kimoja: ile karatasi.

Msinielewe vibaya, kuona peke yake hakutoshi. Majirani zetu wa Kenya mwaka 1988 walipanga foleni nyuma ya wagombea katika uteuzi wa chama cha KANU, ule mlolongo. Hapakuwa na siri; kila mtu aliona mstari upi mrefu. Na bado kuna mahali mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa. Kilichokosekana ni kumbukumbu ambayo raia angeweza kuishika. Mwaka 2022 tume yao iliweka mtandaoni fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Kesi ilifunguliwa, majaji wakawa na cha kukagua, shauri la mshindwa likatupwa, maisha yakaendelea.

Kwetu, Oktoba 2025, intaneti ilizimwa kuanzia siku ya kupiga kura, watu wakapoteza maisha katika vurugu, na matokeo ya urais yakatufikia kwa redio na televisheni kutoka mbali, kama miaka ya mawe ya redio. Siku zile picha ya fomu haikuweza kutumwa popote, ila fomu yenyewe haihitaji mtandao ili isomwe.

Kwa Tume nina ombi moja: wekeni fomu za vituo vyote mtandaoni, kituo kwa kituo, za urais, ubunge na udiwani. Mnazo tayari.

Kwako wewe msikilizaji wa Laela, Mtowisa, Kirando na kwingineko: uchaguzi ujao, asubuhi baada ya kura, pitia shuleni ulikopigia kabla hujaenda shamba. Nenda na daftari na kalamu, nakili karatasi yote, na namba ya kituo usiisahau. Kisha rudi nyumbani ufungue redio.