Nyundo ya Mhunzi na Chembe za Chuma

Apandaye kutoka Mombo hata Lushoto huona mashamba ya miteremko mikali isiyolimika ila kwa jembe la mkono. Jembe laini likigonga jiwe hujikunja, na mwenye shamba hupotewa na siku za mvua. Nguvu ya jembe hutoka wapi? Jirani zetu Washana wa Ugweno, katika Upare, ukoo wa wahunzi mashuhuri tangu kale, waliijua kwa mikono yao.

Chuma si kitu kimoja kama maji. Ni chembe nyingi zilizoshikamana. Kikikaa motoni mno, chembe hukua, nacho hudhoofika. Mhunzi akikifua kingali chekundu, chembe kubwa huharibika, na mahali pake huzaliwa ndogo.

Lakini kwa nini chembe ndogo ziwe na nguvu? Fikirini mteremko. Shamba lisilo na matuta, maji hushuka mbio mpaka bondeni. Lenye matuta mengi, maji huzuiwa kila hatua. (Wazee wa Mlalo, walioshurutishwa kuyachimba tangu mwaka 1946, hawakuyapenda, hata hivyo mfano wafaa.) Chuma kipindapo, ndani yake tabaka huteleza juu ya tabaka, na mpaka wa kila chembe ni tuta lizuialo mtelezo huo. Mabwana Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 walionyesha kanuni yake: upana wa chembe ukipunguzwa hata robo, ile nguvu itokayo katika mipaka huwa maradufu.

Enyi wanafunzi, twaeni waya wa shaba nyekundu, mwuweke motoni hata uwe mwekundu, kisha uachwe upoe. Utapindika kama uzi. Upindeni na kuunyosha mara kadhaa, nanyi mtaona unakataa. Urudisheni motoni, nao utalainika tena.

Taabu ya nyundo ni hii: kila pigo hukikondesha chuma, hata pasibaki cha kupiga. Katika miaka ya 1970 fundi Segal na wenzake, mjini Minsk, walipata hila. Walisukuma kipande cha madini, kwa nguvu nyingi sana, katika tundu lililopindika kama kiwiko. Kipande hutoka kimeumizwa vikali ndani, lakini unene wake ni ule ule. Basi hurudishwa tena na tena, mpaka chembe huwa ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Titani iliyotengenezwa hivyo hutumiwa na waganga kwa mizizi ya meno ya bandia.

Nguvu hiyo nayo huogopa moto. Kwa hiyo mpini ukikatikia ndani ya tundu la jembe, msilitupe jembe jikoni ili kisiki kiungue. Kitoeni kwa patasi, ijapokuwa ni kazi ya asubuhi nzima.