Mshumaa wa Maombi na Mikono ya Mwombaji

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa viongozi wa vikundi vya sharika)



Tumeombwa tuzungumzie swali lililoletwa na baadhi ya sharika: Je, Mlutheri anaweza kuwasha mshumaa kanisani anapomwombea mgonjwa au yatima? Wapo wanaosema hayo ni ya Wakatoliki. Wapo, hasa vijana, wanaosema mwanga ule huwasaidia kutulia katika maombi. Uamuzi ni wa vikao vya kanisa. Sisi wa ofisi ya miradi tumekuja kuchangia, kwa sababu swali hili linagusa imani na pia mfuko wa maskini.

Wapendwa, desturi hii ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 5 Jerome aliandika kwamba makanisa ya Mashariki yaliwasha taa wakati wa kusoma Injili hata jua likiwaka, kuonyesha furaha. Leo katika makanisa mengi ya Kikatoliki mwamini huwasha mshumaa mdogo mbele ya msalaba au sanamu, huomba, kisha huondoka. Mwanga hubaki kama alama ya sala yake. Waorthodoksi nao mara nyingi huchomeka mishumaa myembamba kwenye mchanga.

Martin Luther alisemaje? Machi 1522 alirudi Wittenberg akakuta fujo kuhusu sanamu makanisani. Katika mahubiri yake alifundisha kwamba vitu vya namna hiyo si amri wala si dhambi, na hakutaka watu walazimishwe. Alichokemea ni mtu kudhani kwamba kwa kuvitoa amemfanyia Mungu jambo la kumpatia thawabu. Alisema ni heri kumpa maskini sarafu ya dhahabu kuliko kumpa Mungu sanamu ya dhahabu. Kipimo hicho kinaufaa hata mshumaa.

Walutheri wenzetu wa Sweden waliirudia desturi hii kwa namna yao. Mwaka 1968, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipofanya Mkutano Mkuu wake wa nne mjini Uppsala, kanisa kuu la mji huo liliwekewa kinara chenye umbo la dunia. Waumini huwasha mishumaa yao juu yake. Baadaye vinara vya namna hiyo vilienea katika makanisa mengi ya nchi za Kaskazini mwa Ulaya. Anayewasha pale anakumbushwa kuwa haombei nyumba yake tu.

Mfano mwingine unatoka Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Katika kanisa la Mtakatifu Nikolai watu walikutana kila Jumatatu kuombea amani. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana mjini, wengi wakiwa na mishumaa, huku askari wakiwa tayari. Hakuna risasi iliyopigwa. Mchungaji Christian Führer alikuwa akieleza kwamba mshumaa unahitaji mikono miwili: mmoja wa kuushika, mwingine wa kuukinga na upepo. Mwenye mshumaa hana mkono wa kushika jiwe. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ulifunguliwa.

Ndugu zetu, turudi kwetu. Tunapotembelea vikundi vya kuweka na kukopa tunakutana na akina mama waliotumia fedha za rejesho kununua mishumaa na mafuta waliyoambiwa yataponya. Mtoto bado anaumwa, deni limeongezeka. Hapo mshumaa umekuwa bidhaa ya kumnunua Mungu, naye Mungu hauzi neema.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu kwa usharika utakaokubali mishumaa hii.

Kwanza, mshumaa usiwe na bei. Anayetaka kutoa atoe, asiye na kitu awashe bure. Sadaka hiyo iende kwenye mfuko wa diakonia, na hesabu zisomwe hadharani.

Pili, mishumaa iwekwe kwenye sinia la mchanga, mbali na mapazia na watoto, na mzee wa zamu ahakikishe yote imezimwa kabla ya kufunga mlango.

Tatu, kila anayewasha ajiulize atafanya nini akitoka. Ukimwombea mgonjwa, nenda ukamtazame, na dawa zake asiache. Ukimwombea yatima, uliza kama ana daftari.

Bwana wetu alifundisha kwamba taa huwekwa mahali pa kuonekana, ili watu waone matendo mema na kumtukuza Baba. Mshumaa wa kanisani huisha mapema. Mgonjwa atabaki akisubiri mlango wake ubishwe hodi.