Kabla ya Kununua Sare Nyingine
Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanachama, Nairobi

Wengine wenu mmesafiri usiku kucha kutoka Wundanyi, Mwatate na Voi ili mkae nasi leo. Tumepewa dakika kumi, na kwa kuwa miongoni mwetu wamo wahasibu, tutazihesabu.

Mnatujua sisi wanne wa hapa Nairobi tunaowasaidia maskauti wa kule nyumbani. Mmeona picha zetu kila mwaka katika kijitabu hiki: skafu, bendera, watoto wanacheka. Leo tuna jambo ambalo halikupigwa picha.

Desemba ya mwaka juzi tulipeleka watoto 38 kambini, upande wa Mgange. Mnaijua baridi ya kule ukungu ukishuka. Usiku wa pili, mtoto mmoja wa kundi la Sungura, wa miaka kumi, alianza kukosa pumzi. Tulidhani ni mafua. Kumbe ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ameiacha nyumbani kwa sababu hakuna aliyemwambia aje nayo. Tukatafuta simu ya mzazi wake, hatuna. Tulikuwa na risiti ya kila kilo ya unga na sukari, zimepangwa kwa tarehe, lakini orodha ya watoto yenye simu za wazazi hatukuwa nayo. Kijana mmoja wa bodaboda aliamshwa, mtoto akawekwa katikati yake na mmoja wetu, wakateremka na ile barabara gizani mpaka hospitali.

Alipona, tunamshukuru Mungu. Asubuhi mama yake alifika. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ndugu zangu, usiku nani alikuwa akimwangalia mwanangu?" Tulikuwa watu wazima wanne wenye digrii, na hakuna aliyefungua kinywa.

Ndipo tukaenda kusoma. Mafunzo ya kiongozi wa skauti yana ngazi zake, na ile inayotambulika duniani kote ni beji iitwayo Wood Badge. Kozi ya kwanza ilifanyika Septemba 1919 katika bustani ya Gilwell, nje kidogo ya London, na aliyeianzisha ni Baden-Powell, yuleyule aliyezikwa Nyeri. Anayehitimu huvaa shanga mbili za mti kwenye uzi wa ngozi. Inasemekana zile za mwanzo zilitoka kwenye mkufu wa Dinizulu wa Wazulu. Namna mkufu huo ulivyomfikia Mwingereza ni jambo ambalo watu hubishania hadi leo, na wana haki ya kubisha.

Sisi wa mjini tulidhani unalipa ada, unahudhuria, unapewa cheti. Sivyo. Pale kambini Rowallan, hapa Nairobi, mtu mzima hugeuzwa mtoto. Tuligawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake, tukapika, tukalala kwenye hema, tukakaguliwa kucha na sufuria. Kikundi chenye mhasibu, tunasema bila kutaja jina, kiliishiwa na chumvi siku ya pili. Aliyetufundisha kufunga mafundo alikuwa na umri wa wapwa zetu.

Lakini kilichotukaa moyoni si mafundo. Ni fomu ya afya ya kila mtoto, iliyojazwa na mzazi kabla ya safari. Ni kwenda kuiona kambi mchana, kabla ya watoto kulala hapo, na kuuliza hospitali iko wapi na gari ni la nani. Ni kanuni kwamba mtu mzima hakai faraghani peke yake na mtoto, hata awe mheshimiwa namna gani. Kila kipengele kilipofundishwa, tulimwona yule mama.

Na ukimaliza kambi bado huvishwi shanga. Unarudi kwa kundi lako, unafanya kazi kwa miezi, unaandika, mkufunzi anakuja kuona kama ulichojifunza kinatendeka. Kati yetu wanne, wawili wamemaliza. Wawili bado wanadaiwa ripoti, na mmoja wao kila mwaka husingizia ukaguzi wa hesabu.

Sasa tuje kwenye fedha. Kamati imependekeza changisho la mwaka huu linunue sare nyingine. Tunaomba, kwa heshima, libadilishwe. Sisi hufika nyumbani mara tatu kwa mwaka. Watoto wako kule wiki zote. Tuwasomeshe watu sita wanaoishi kule, na angalau watatu wawe wanawake, maana wasichana wameongezeka na kambini hawana wa kumweleza mambo yao.

Tunajua mtakalosema: tuliwahi kumlipia mwalimu mmoja, akapata uhamisho, akaondoka na cheti chake. Ni kweli, na fedha hizo tulizipitisha sisi wenyewe. Ndiyo maana safari hii tusitazame walimu peke yao. Yuko fundi cherehani, yuko mama wa kibandani sokoni, wenye shamba na watoto palepale. Hao hawahamishwi. Ila mama wa kibandani akikaa kozini wiki nzima, kibanda kimefungwa. Kwa hiyo bajeti tuliyoiambatisha ina nauli, ada, na kifungu cha siku za kazi zilizopotea. Msikikate hicho, bila hicho watakwenda wenye mishahara tu, nasi tutarudi kwenye hadithi ya uhamisho.

Karatasi za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina, karibu na mlango. Kama kuna mtu wa kule mnayemwamini na watoto wenu usiku, andikeni jina lake nyuma ya karatasi hiyohiyo.