KUTAFUTA KOSA LA STIMA KATIKA MASHUA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Labda mtu atauliza, watu wa reli wana shauri gani na mashua? Ni kweli reli haijafika Embu wala Meru. Mwisho wake ni Nanyuki. Lakini wengi wetu makwetu ni huko. Na tangu mto Tana ulipozuiwa kwa mabwawa, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974 na Masinga 1981, ndugu zetu wa Mbeere wamejifunza kazi ya mashua. Mashua yenye injini ina betri, taa, na pampu ya kutoa maji. Stima ya betri ni ile ile tunayoijua sisi mafundi wa taa za mabehewa.

Tulipokuwa likizo tuliitwa na wavuvi kando ya Masinga. Usiku mmoja taa za mashua yao zilififia katikati ya maji, kisha pampu ikasimama. Walichota maji kwa makopo gizani, na viboko wakisikika karibu. Twamshukuru Mungu walifika salama. Fundi wa kwanza alisema betri imekufa. Wakachanga pesa, wakanunua mpya. Baada ya siku chache taa zikafifia tena. Fundi akasema kosa ni fyuzi, akaitoa na kufunga kipande cha waya mahali pake. Taa zikawaka, wote wakafurahi. Kumbe zilikuwa zimewaka kwa sababu alizitikisa nyaya alipokuwa akifanya kazi. Usiku wa pili giza likarudi.

Sasa tuwaeleze tulivyofanya, ili kila mmoja aweze.

Kwanza, tulizima injini, tukafunua vifuniko, tukangoja harufu ya petroli itoke. Cheche moja katika mvuke wa petroli yatosha kuua watu. Na ukitaka kufungua betri, anza na waya wa hasi. Ukirudisha, huo uwe wa mwisho.

Pili, tulipima betri ikiwa imepumzika. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6. Ikionyesha 12.0 imekaribia kwisha. Hii ilionyesha 12.6. Basi betri haina hatia.

Tatu, tuliwasha taa na kupima tena, maana kosa la namna hii hujificha wakati hakuna kazi. Kwenye betri tulipata 12.4, lakini kwenye taa tulipata 9 tu. Ni kama abiria 12 wamepanda Nairobi, wakafika Nanyuki 9. Wengine walishuka stesheni gani? Tuliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, na nyingine kwenye chanya ya taa: 0.2 tu. Tukafanya vivyo hivyo upande wa hasi: 3.2. Basi mwizi yuko upande wa hasi. Watu wengi hufuata waya mwekundu na kuusahau huu mwingine, lakini stima lazima irudi nyumbani.

Tukaenda kiungo kwa kiungo. Chini ya sakafu, mahali panapolowa kila siku, tukakuta nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe. Ndani shaba imekuwa kijani kama majani. Tulikata mpaka shaba safi, tukabana kiungo kipya, tukapaka grisi, tukakifunga juu pasipofika maji. Taa zikawaka kama mchana, na pampu ikanguruma.

Nne, tulirudisha fyuzi, karibu na betri. Sikilizeni vizuri: fyuzi hailindi taa, inalinda waya usishike moto. Ikikatika mara mbili, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Tafuta mahali waya ulipochubuka.

Asiye na mita atumie balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Haitampa hesabu, lakini itamwonyesha mahali penye nguvu na mahali pasipo.

Ndugu zetu, hatumcheki fundi wa kwanza. Hakuwa na mita. Fundi asiye na chombo hubahatisha, na bei ya kubahatisha hulipwa na maskini. Wavuvi wale walinunua betri nzima kwa sababu ya kiungo kimoja.

Na sisi kazini, hatujaambiwa mara ngapi, "Funga waya tu, kazi iendelee"? Anayesema hivyo hatakuwapo moto utakapowaka. Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Wajumbe wetu waendelee kudai mita na fyuzi za saizi ya haki kwa kila kikundi cha mafundi. Na mwanachama akiamriwa kuondoa fyuzi na kufunga waya, akatae kwa adabu, amwite mjumbe wake, na jambo liandikwe.

Mkienda likizo, chukueni maarifa haya nyumbani. Mita ni ndogo, hutosha mfukoni, na watu wapo majini usiku huu.