Kazi Isikufe Pamoja na Laptopu ya Mutu Mmoja

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana katika mafunzo ya informatiki)



Leo hatuongee juu ya maandamano. Tunaongea juu ya kazi inayofanyika kimya, usiku, wakati umeme umerudi: kutengeneza programu. Wengi wenu muko wanafunzi wa informatiki, wengine mulijifunza peke yenu kwa simu. Nawapa ulizo moja tu: kama kesho laptopu yako inaibiwa, inaungua ao inakamatwa, kazi yako inabakia wapi?

Tuchukue mfano. Vijana watano wa mutaa mmoja wanatengeneza programu ndogo: mwananchi anatuma ujumbe kusema bomba gani ya maji imekauka, programu inaiweka kwenye karte. Mmoja wao njo anachunga kodi yote. Kwa mashine yake kuna « programu », « programu_mpya », « programu_mwisho », « programu_mwisho_kabisa ». Wenzake anawatumia kwa WhatsApp, kila mutu anabadilisha ya kwake. Kiisha wiki mbili hakuna anayejua ile ya kweli ni gani. Siku mwenye laptopu anasafiri kwa masomo, kazi imekufa. Haikufa juu vijana hawana akili. Imekufa juu ilikuwa ya mutu mmoja.

Dawa ya ugonjwa huu iko, na ni bure. Inaitwa Git.

Git ilianzishwa mwezi wa nne 2005 na Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux. Tangu 2002 watu wa Linux walikuwa wanachunga kodi yao na chombo cha kampuni moja, BitKeeper, kilichotolewa kwao bila malipo. Mwaka 2005 mwenye chombo akaondoa ile ruhusa. Watu wengi wangekwama. Torvalds hakulia: alitengeneza chombo kingine, akakifungua kwa wote. Mwanzo wa Git ni somo la uraia: kitu cha kupewa kinaweza kunyanganywa, kitu cha wote hapana.

Inafanya nini? Inachunga historia ya kazi. Kila ukimaliza hatua, unaandika komiti. Siyo komite ya mutaa! Komiti ni picha ya kazi yote wakati ule, pamoja na jina la aliyefanya, tarehe, na maneno mafupi ya kueleza sababu. Inapata namba yake, herufi na tarakimu 40, inayohesabiwa kutoka ndani ya kazi yenyewe. Mutu akibadilisha hata nukta moja ya zamani, namba inabadilika, tunamuona. Tunaomba wakubwa waonyeshe hesabu za feza za watu. Sisi wenyewe tuanze na kodi yetu.

Basi maneno ya komiti yawe ya kweli. Usiandike « nimebadilisha vitu ». Andika « Bomba bila namba ya avenue haikatae tena ujumbe ». Miezi sita ikipita, mwenzako ataelewa, na wewe pia.

Ukitaka kujaribu kitu kipya, fungua tawi. Tawi ni njia ya pembeni: unajaribu, unaharibu, kazi kubwa haiguswe. Kikikubali, unaunganisha. Kikikataa, unaacha.

Sasa sikieni hii, juu inatugusa sisi wa Kongo. Git haiombe intaneti kila saa. Ukinakili ghala ya kazi, unapata historia yote kwa mashine yako, siyo kipande. Unaandika komiti kumi bila mega hata moja. Unanunua mega siku ya kutuma tu. Munakumbuka tarehe 31/12/2018, kesho yake ya uchaguzi: intaneti ilikatwa inchi nzima, karibu wiki tatu. Timu inayotumia Git ingeendelea. Kuna hata amri ya kufunga ghala nzima ndani ya faili moja:

git bundle create kazi.bundle --all

Unaiweka kwa flashi, flashi inapanda boti kutoka Goma mpaka Bukavu, mwenzako anaifungua na « git clone kazi.bundle », kazi inaendelea.

Lakini kuchunga siyo kugawa. Kwa kugawa munahitaji fasi ya kukutana: GitHub, GitLab, ao Codeberg, inayosimamiwa na shirika lisilo la faida la Ujerumani. Pale vitu vinne vinasaidia sana.

Kwanza, faili ya maelezo, ile inayoitwa README. Programu inafanya nini, inawashwa namna gani, inaombwa nani. Iandikeni kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili kijana wa Uvira na wa Bunia waingie bila kuogopa.

Pili, leseni. Wengi wanaweka kodi wazi na kufikiri imekwisha. Hapana. Bila leseni, sheria inasema kodi ni yako peke yako, mwengine hana haki ya kuitumia. Muangalie Ushahidi: ilizaliwa Kenya mwezi wa kwanza 2008, katika fujo ya kiisha uchaguzi, ili raia watume habari za mambo wanayoyaona. Mwisho wa mwaka uleule ilitumiwa huku kwetu mashariki, na 2010 Haiti kiisha tetemeko la ardhi. Kodi iliyo wazi, na leseni yake, inaweza kuvuka mpaka bila kuomba ruhusa ofisi kwa ofisi.

Tatu, orodha ya matatizo. Asiyejua kodi anaweza kuandika: « Kwa simu yangu karte haifunguke. » Hiyo pia ni kazi, imupe heshima yake.

Ine, ombi la kuunganisha. Hakuna anayeingiza kodi yake peke yake: anaomba, mwenzake anasoma, anauliza, anakubali. Hata mwanzilishi. Hasa mwanzilishi! Kama tunakataa mukubwa anayeamua peke yake kwa inchi, tusimuzae ndani ya ghala yetu.

Wandugu, sasa upande wa hatari. Git haisahau. Ukiweka neno la siri ndani ya komiti, kiisha ukalifuta kesho, bado liko ndani ya historia, na kila aliyenakili yuko nalo. Kazi ya kwanza siyo kufuta, ni kubadilisha lile neno mara moja. Na majina ya watu na namba za simu za waliotuma ujumbe yasiingie kwa ghala kamwe, hata ghala iliyofungwa. Kwa wengine ni kosa la kazi tu. Kwetu, mama aliyesema ukweli juu ya bomba ao juu ya barabara anaweza kugongewa mlango usiku. Tumieni faili ya .gitignore, inayoambia Git vitu visivyoguswa. Mukumbuke pia kila komiti inabeba jina na imeili uliyoiandika mwenyewe: kama uko na sababu ya kujificha, chagua jina lingine tangu siku ya kwanza.

Na musichanganye Git na duka linaloikaribisha. GitHub ilifunguliwa 2008. Mwaka 2018 Microsoft iliinunua kwa dola bilioni 7,5. Mwezi wa saba 2019, juu ya vikwazo vya Marekani, vijana wa Iran na Syria walikuta ghala zao zimefungiwa huduma. Hawakufanya kosa, ni fasi tu walikokuwa wanaishi. Tuitumie, lakini nakala iwe kwa mashine za wenzetu watatu, na nyingine kwa flashi.

Wiki hii kila timu ifanye mambo matatu. Muweke kazi yenu ndani ya Git. Muandike maelezo na muchague leseni. Kiisha mupatie funguo watu wawili zaidi, mmoja awe dada, na asiwe wa « kuandika ripoti » tu, awe na haki ya kuunganisha kodi.

Siku moja mutakuja hapa, mwanzilishi hayuko, laptopu yake haiko, na programu itakuwa inatembea. Siku hiyo njo itakuwa ya wote.