Kuvu Inayoua Mbu

 

Mvua ndefu zikipita, malaria huweza kupanda hadi huku kwetu kwenye baridi ya majani chai, Kericho na Bomet. Watoto wetu hawajaizoea, kwa hivyo ikiwapata huwalaza vibaya.

Leo tuongee juu ya adui mmoja wa mbu: kuvu iitwayo Metarhizium, inayoishi udongoni. Mbegu zake ni laini kama unga. Mbu akizikanyaga, humnata miguuni. Ngozi ya mbu ni ngumu, na juu yake hakuna chakula cha kutosha. Basi kuvu hutumia akiba yake ya mafuta, huyageuza kuwa gliseroli, nayo huvuta maji. Msukumo wa maji hayo huitoboa ngozi. Ndani, mbu hujikinga kwa kemikali kali za oksijeni, lakini kuvu huzizima kwa vimeng'enya vyake. Baada ya siku kadhaa mbu hufa. Vimelea vya malaria huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu. Akifa kabla, hamwambukizi mtoto.

Udhaifu wa kuvu hii ni jua kali, ambalo huua mbegu zake. Watafiti wameona kwamba ikikuzwa kwa chakula haba hutoa mbegu chache, lakini zenye sukari nyingi ya akiba, na hizo huvumilia jua na joto zaidi.

Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya jaribio karibu na Ifakara, Tanzania. Vitambaa vyeusi vyenye kuvu vilitundikwa darini. Kati ya kila mbu 100 wa malaria walionaswa, 23 walikuwa wameambukizwa. Na wale 77 je? Ndiyo sababu, mama, usiiache neti.

Kumbuka haya:

1. Mlaze mtoto ndani ya neti yenye dawa kila usiku, hata wakati wa baridi.
2. Dawa ya kuvu inayouzwa kwa wakulima ni ya shambani. Usiipake kitandani wala mwilini mwa mtoto.
3. Mtoto akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe, kisha amalize dawa zote.
4. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege au akizimia, usingoje kupambazuke.

Mwambie na jirani yako. Kwaherini.